Bolti ya Nne ya Mashine ya Pili

Chumba cha kufulia, hospitali
3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Jumapili nilipiga kelele "spana" mara nne mpaka jirani akachungulia dirishani, nawe ukanijibu kwamba mvua huko kwenu bado. Masikio yako yaliishia kwenye mashine hizi hizi ninazozihudumia leo, kwa hiyo sikulaumu. Dereva wa gari la sabuni anapita mlangoni kwako kila wiki na amekubali kuwa posta yetu. Umpe maji ya kunywa.

Sasa nina shida, na shida yenyewe unaijua kuliko mtu yeyote. Mashine ya pili, mkanda wa mota. Bolti tatu za kushikilia mota zinafunguka vizuri. Ya nne iko nyuma, kati ya mota na ukuta, mahali ambapo mkono wangu unaingia mpaka kifundo basi. Upande mmoja kuna bomba la maji, upande wa pili ubavu wa fremu. Tangu ulipostaafu, kila mkanda ukichakaa wanafunga maji ya jengo zima, wanaondoa bomba, wanafungua bolti, wanarudisha bomba. Siku nzima inakwisha, na shuka za wodini zinarundikana hadi kwenye ngazi.

Wewe hukuwahi kugusa lile bomba. Kila mtu hapa ananiambia hivyo. Ulikuwa unaingia peke yako, unafunga mlango, na baada ya nusu siku unatoka kazi imekwisha. Ndiyo maana wanakuita Mkono wa Nyoka mpaka leo. Na nisijidanganye, jina hilo ndilo lililoniingiza kazini. Mkuu wa matengenezo alipoona cheti changu alikiweka pembeni, alipojua mimi ni mpwa wako akavuta kiti.

Nimebakiza wiki sita za majaribio. Mkuu ameniambia nichague seti moja ya spana za racheti, zile za meno zinazozungusha bolti bila kutolewa na kurudishwa, kwa ajili ya kazi za kwenye nafasi finyu. Seti moja tu, nisaini mimi, na ikishindwa na bolti ya nne tutajua kama nafaa kubaki. Bwana stoo amenipa kitabu cha picha. Kuna zenye meno sabini na mbili, tisini, mia moja na ishirini. Kuna za kichwa kinachopinda. Kuna zenye kidude cha kugeuzia mwelekeo, na kuna bapa zisizo nacho. Kichwa kinaniuma. Mjomba, nichague ipi?

Na yule mpumbavu aliyeweka bolti pale, unamjua? Ningependa nimwone uso.

Msalimie mkaza mjomba.

Mpwa wako,
Sindano


Nyumbani
9 Machi

Sindano, marahaba.

Dereva wako amekunywa maji, amekula na mihogo, na ameniachia matope sebuleni. Posta ya namna hiyo ni ghali.

Racheti! Siku zetu spana ilikuwa chuma na fundi alikuwa na akili. Siku hizi mnataka akili iwe kwenye spana. Inakwenda kri-kri-kri mkononi, mtu anajiona fundi, kumbe anachezea kengele.

Haya, nimekwisha kusema. Mkaza mjomba wako amenitazama kwa jicho lile, basi nakujibu.

Usianze na kitabu cha picha. Anza na bolti. Chukua karatasi ngumu ya boksi, ikate umbo la spana, mpini wa sentimita ishirini. Iingize pale nyuma mpaka kichwa kikae juu ya bolti, halafu uzungushe mpini mpaka uguse bomba, urudishe mpaka uguse ubavu. Pima ncha ya mpini imesafiri milimita ngapi. Halafu pima nafasi iliyobaki kati ya bolti na ukuta, kwa kupanga vipande vya boksi kimoja juu ya kingine mpaka visiingie tena. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuchagulia. Mtu anayenunua spana kwa kuitazama ni sawa na anayenunua viatu kwa kuvinusa.

Kuhusu aliyeweka bolti pale, usiwe mwepesi wa kutukana watu. Hujui siku ile ilikuwaje.

Mjomba wako


Chumba cha kufulia
14 Machi

Mjomba, shikamoo tena.

Wafuaji wamenicheka mpaka basi. Mkubwa wao, tunamwita Mama Pasi, alinikuta nimelala chali chini ya mashine na spana ya boksi mkononi akauliza kama mshahara umechelewa. Lakini ilifanya kazi! Sikuwahi kuwaza kwamba karatasi inaweza kujua kitu ambacho mimi sijui.

Ncha ya mpini inasafiri milimita ishirini, hazizidi. Nikakaa na kalamu. Spana ya meno sabini na mbili inataka ncha isogee milimita kumi na saba na nusu ndipo jino lishike. Ya tisini inataka kumi na nne. Ya mia na ishirini inataka kumi na nusu. Kwa hesabu zote tatu zinatosha. Je, nichukue yenye meno mengi kabisa, au kuna ujanja siujui?

Nafasi kati ya bolti na ukuta ni milimita kumi na mbili. Spana bapa ina unene wa kumi na moja, inaingia. Yenye kidude cha kugeuzia ina kumi na tatu, haiingii hata ukiibembeleza. Kwa kazi nyingine zote humu ndani, pampu, milango, vikaushio, ningechukua yenye kidude na kichwa cha kupinda bila kufikiri mara mbili. Lakini bolti ya nne inakataa, na mtihani wangu ni bolti ya nne.

Nina maswali mawili, Mjomba, na usinipige chenga.

La kwanza. Ninachokigusa kule nyuma ni nati, au ni kichwa cha bolti? Kidole kinasikia pembe sita, hakisikii zaidi ya hapo.

La pili. Wewe ulitumia spana gani? Ipo moja kwenye kabati la kioo ofisini kwa Mkuu, imepindwa na kusagwa, imeandikwa chini yake kwamba ni yako. Nimeiomba nikaijaribu. Mjomba, haifiki. Nimeigeuza kila upande. Mkono wako ulikuwa na kiungo gani cha ziada?

Sindano


Nyumbani
20 Machi

Sindano, marahaba.

Tuanze na meno. Usidanganywe na hesabu ya kwenye karatasi. Spana ikikaa juu ya bolti huwa inacheza kidogo kabla ya kuuma, na mchezo huo unakula milimita zako mbili tatu. Kwa hiyo sabini na mbili itakutesa. Ya mia na ishirini nayo meno yake ni madogo, ukiivuta kwa hasira yatakatika. Chukua ya tisini. Na hata hiyo usiivunjie kutu. Kutu ivunje kwanza kwa spana ya ringi ya kawaida, gonga kidogo kwa nyundo, halafu ndipo racheti imalizie. Racheti ni ya kwenda haraka, si ya kupigana.

Kama bapa ndiyo inayoingia, basi ndiyo inayoingia.

Swali lako la kwanza: ni ya namba kumi na saba. Hilo ndilo la kujua.

Swali la pili: mkono ni mkono. Ukizoea utaona. Ile spana ya kabatini ilikuwa mpya zamani, labda imejikunja.

Nimekata mstari mmoja hapo juu, usihangaike kuusoma. Mkaza mjomba wako anasema nimekuwa mkali wiki hii. Ni mgongo tu.

Mjomba wako


Chumba cha kufulia
1 Aprili

Mjomba,

Maji yamenifika shingoni.

Seti ilikuja jana, bapa, meno tisini, nimesaini. Leo asubuhi nikavunja kutu kama ulivyosema, spana ya ringi na nyundo, ikaachia vizuri. Nikaingiza racheti. Ikakaa. Ikalia kri, kri, kri, na bolti ikazunguka! Mama Pasi akapiga vigelegele. Mkuu mwenyewe alikuja kusimama mlangoni, mikono mfukoni, anatabasamu. Niliizungusha mara tatu nzima kwa furaha.

Halafu nikataka kuitoa spana. Haitoki.

Ni kichwa cha bolti, Mjomba, si nati. Kila nilipofungua, kichwa kilikuwa kinatoka nje kuelekea ukutani, na spana yangu ikabaki katikati, imebanwa. Siwezi kuitoa kwa sababu nafasi imekwisha. Siwezi kuikaza bolti irudi kwa sababu spana bapa inakwenda upande mmoja tu, na ukitaka iende upande wa pili lazima uitoe na kuigeuza. Ingekuwa na kile kidude ningebonyeza tu nikarudi nilikotoka. Ningejua ni kichwa cha bolti, nisingeingiza spana ile hata kwa fimbo.

Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa maandishi.

Mashine ya pili imesimama na mpini unaning'inia nyuma kama mkia. Mkuu ameacha kutabasamu. Amesema Ijumaa analeta grenda, wataikata spana na pembe ya fremu pamoja nayo, halafu tutakaa mimi na yeye kuzungumza kuhusu majaribio yangu. Dereva anapita kwako kesho na kurudi hapa keshokutwa alfajiri. Kama kuna kitu unakijua, nitumie.

Sindano


Nyumbani
2 Aprili

Mwanangu,

Dereva anasubiri nje, injini inawaka, kwa hiyo nasema moja kwa moja.

Mpumbavu unayemtafuta ni mimi.

Mashine ile ililetwa mimi nikiwa na umri kama wako. Niliifunga mota ikiwa katikati ya chumba, nafasi kila upande, hata ng'ombe angepita. Bolti tatu niliziingiza kwa ndani, nati zikawa nje. Ya nne ilikuwa ndefu, ikiingia kwa ndani ilikuwa inagusa puli ya mkanda. Ningeichukulia msumeno ningemaliza kwa dakika tano. Nikaona uvivu. Nikaigeuza, kichwa nje, nati ndani, nikaifungia nati kipande cha chuma bapa ili isizunguke. Nikajisifu. Halafu wakaja wajenzi, wakaisukuma mashine mpaka ukutani na kuimwagia zege miguuni. Zege lilipokauka ndipo nilipoona nilichokifanya.

Mkanda wa kwanza ulinitesa siku mbili. Wa pili vilevile. Kabla ya wa tatu, nilifunga mlango nikatoboa dirisha.

Sikiliza vizuri. Lala chali chini ya mota, upande wa puli. Utaona bamba la chuma lenye rangi ileile ya mashine. Kwangua rangi kwenye pembe mbili, utakuta skrubu. Zifungue, bamba litatoka, ni dirisha la ukubwa wa kiganja. Ndani utaiona nati. Fungua kile kipande cha chuma bapa kinachoishikilia, halafu weka soketi ya kumi na saba na ufungue nati kutoka huko. Usiiogope spana yako iliyokwama. Bolti ikitaka kuzunguka, spana itaegemea bomba na kuizuia, kwa hiyo safari hii kukwama kwake kutakufaa. Nati ikitoka, sukuma bolti kwa ndani na spana itaanguka yenyewe.

Ni kazi ya dakika kumi. Imekuwa ya dakika kumi miaka yote. Zile saa nyingine nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, mlango umefungwa, nasoma gazeti.

Ile spana ya kabatini niliipinda siku moja Mkuu wa zamani aliponiuliza natumia nini.

Nilipaswa kukwambia tangu barua ya kwanza. Ule mstari nilioukata ulikuwa unasema: ni kichwa cha bolti. Nikaukata kwa sababu baada ya huo ungeniuliza swali, na jingine, mpaka ufike kwenye ndoo. Niliona afadhali uhangaike kidogo na jina langu likae. Sikujua utasainia seti nzima kwa sababu ya bolti ile moja. Hapana, nilijua. Ulikuwa umeniandikia.

Funga mlango ukitaka, umalize, utoke. Watakuita wewe Mkono wa Nyoka na hakuna atakayejua. Au uache wazi. Mimi sikuchagulii, maana uchaguzi wangu umeuona. Lakini ujue ukifunga leo, utafunga kila mkanda ukichakaa, na gazeti moja haliwezi kusomwa nusu siku. Nimejaribu.

Mjomba wako


Chumba cha kufulia
10 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia kwa makusudi. Nilikuwa na hasira na sikutaka dereva abebe maneno ambayo ningeyajutia. Bado ninayo, hasa asubuhi, nikipita mbele ya kabati la kioo. Ulikuwa tayari nipoteze kazi ili watu waendelee kukusifu kwa kitu ambacho hukukifanya. Nimeliandika, nimelisoma, na naliacha hapo.

Sasa nikusimulie.

Barua yako ilifika Ijumaa saa moja kasoro, grenda ikiwa tayari kwenye meza. Nikamwomba Mkuu nusu saa. Nikaingia, nikafunga mlango. Ndiyo, niliufunga. Nikalala chali, nikakwangua rangi, na skrubu zako zikatokea, nikacheka peke yangu. Dakika kumi na moja, moja zaidi ya zako kwa ajili ya kukwangua. Nati ikatoka, bolti ikarudi ndani kwa kidole kimoja, spana ikaanguka sakafuni.

Halafu nikakaa juu ya ndoo. Nilibakiza karibu dakika ishirini. Nilikuwa nawasikia wote nje ya mlango, wananong'ona kwamba mpwa ameurithi mkono. Ningeweza kutoka vile. Nilichowaza ni kwamba siku moja ataletwa hapa fundi mgeni, ataniuliza, nami nitamjibu ni ya namba kumi na saba.

Nikafungua mlango nikawaita waingie wote, walale chini mmoja mmoja waone.

Mkuu alikaa chini ya mota muda mrefu, miguu tu ndiyo inaonekana. Alipotoka hakuuliza habari zako. Aliuliza: "Seti ya spana, ulikosea wapi?" Nikamwambia nilipima nafasi iliyopo, sikupima nafasi itakayobaki bolti ikianza kutoka. Na kwamba kwa ajili ya bolti moja nilichukua seti isiyofaa kwa nyingine zote. Akaniambia niyaandike hayo yabandikwe stoo, na nitaishi na seti bapa mpaka mwaka ujao, iwe adabu. Mwaka ujao, Mjomba. Nilihesabu wiki zangu za majaribio nikaona hazifiki huko, nikamtazama, naye akanipa mgongo akaanza kuviringisha waya wa grenda. Nimebaki.

Na wewe ulidhani umeficha! Mama Pasi alisubiri Mkuu aondoke, akaniambia juu kwenye ukuta wa chumba cha pasi kuna tundu la hewa linalotazama mashine ya pili. Wafuaji wamekuona juu ya ndoo na gazeti lako miaka yote. Nikamuuliza mbona hawakusema. Akasema mashine ikisimama nusu siku nao wanakaa nusu siku, na hakuna mtu mwingine jengo zima aliyewahi kuwapumzisha. Kila ukifunga mlango walikuwa wanakuombea dua mkanda uwe mgumu. Sasa ananiuliza mimi, kwa dakika kumi na moja, wao watapumzika lini. Nimemwahidi nitamuuliza Mkuu.

Nina swali moja la mwisho. Pampu ya mashine ya tatu nayo ina nati iliyojificha chini ya tanki. Nimeitengenezea spana ya boksi na namba zake hazikubali kabisa. Hiyo nayo uliifunga wewe? Sema kweli.

Sindano


Nyumbani
17 Aprili

Sindano, mwanangu, marahaba.

Nimesoma barua yako mbele ya mkaza mjomba wako kwa sauti, kwa kuwa aliisubiri kuliko mimi. Nilipofika kwenye hasira zako nilitaka kuruka, akaniwekea kidole kwenye mstari nikausoma wote. Una haki. Nisamehe. Sikuwahi kuliandika neno hili kwa mtu.

Kuhusu wale wa chumba cha pasi, nimekaa na habari hiyo siku nzima. Miaka yote nilikuwa naogopa mtu mmoja aniulize, kumbe walikuwa kumi na wawili wanajua na wananichungulia na chai mkononi. Waombe radhi kwa niaba yangu. Au usiwaombe, nitawaomba mwenyewe.

Pampu ya mashine ya tatu si yangu. Naapa. Ilifungwa na watu wa nje mwaka niliokuwa mgonjwa, na sijawahi kuifikia ile nati chini ya tanki, wala sijui ilivyokaa. Ukisema namba hazikubali, ulipima mpini wa urefu gani? Umejaribu kuingia kwa juu? Na ni nati kweli, au na hiyo ni kichwa? Nimelala nikiiwaza. Nimechora picha tatu nyuma ya bahasha yako na zote hazifai.

Nimezungumza na dereva. Jumanne ananipakia juu ya masanduku ya sabuni. Sisikii vizuri, kwa hiyo usinisubiri getini uniite. Njoo unishike mkono uniongoze mpaka kwenye tanki, na uje na tochi na boksi gumu.

Mjomba wako